Bakuli Lililorudi Tupu

Kabati la jikoni kwa Mama Sutirah, au Bu Sutirah tunavyomwita kwetu, lilikuwa halifunguliwi na mtu mwenye akili zake bila kuinua mkono mmoja kukinga kichwa. Ukivuta mlango, mabakuli ya plastiki yanakuporomokea yote kwa pamoja, vifuniko vinafuata nyuma, vinabingirika hadi uvunguni mwa meza. Mwenyewe alishazoea. Alifungua, akadaka bakuli moja hewani, akayazuia mengine kwa goti, akausukuma mlango kwa nyonga, na yote hayo huku akiendelea na umbea wake na jirani aliyesimama dirishani. Mtaani kwetu, kwenye vichochoro vya nyuma ya soko hapa Solo, kisiwani Java, hakuna aliyeona ajabu. Jiko la mwanamke mwenye watu ndivyo lilivyo.

Aliyeona ajabu ni Wuryani, mke wa mwanawe.

Wuryani alikulia kwenye nyumba za kupanga. Baba yake alikuwa dereva wa malori, leo yuko mji huu, mwakani mji ule, na mama yake alimlea kwa sheria moja: usiache chako kwa mtu, wala usibaki na cha mtu, maana hujui kesho mtahamia wapi. Kwa sheria hiyo binti akatoka fundi wa jiko kweli kweli, tusimnyime haki yake. Pilipili alizikata vikonyo, akazitia kwenye chombo kikavu pamoja na punje ya kitunguu saumu, zikakaa muda mrefu bila kuoza. Kwenye debe la mchele alitupia pilipili kavu, fukusi wakahama wenyewe. Viungo alivisaga vya juma zima kwa mara moja, akavigandisha kwenye vile vitundu vya trei ya barafu, na wakati wa kupika anadondosha kipande kimoja tu sufuriani. Nyama ngumu aliichemsha kidogo, akazima moto, akaiacha imefunikwa nusu saa, kisha akaichemsha tena kidogo. Ikalainika, na mtungi wa gesi ukadumu. Sokoni hakununua kitu ambacho hakukipanga kabla hajatoka nyumbani, hata muuzaji ambembeleze vipi.

Bu Sutirah alimpenda mkwewe, na ile hila ya nyama aliitangaza mtaa mzima kana kwamba ni yake. Ila kila Wuryani alipogusia kabati, mama mkwe alicheka akasema liache lilivyo, lina wenyewe. Wuryani alidhani ni utani wa kizee.

Basi mimba yake ikakaribia mwezi wa saba, na kwetu mwezi wa saba una sherehe yake. Mama mtarajiwa anaogeshwa kwa maji ya maua, wali unapangwa vilima saba, matunda machanga yanakatwa na kuchanganywa na pilipili, na mtaa mzima unakula na kumwombea mtoto aliye tumboni. Kwa Bu Sutirah lilikuwa jambo zito. Tunggul ndiye mwanawe wa pekee, na huyu angekuwa mjukuu wa kwanza kuingia nyumba ile tangu mumewe afariki. Lakini kabla ya siku hiyo dada yake wa Wonogiri akaugua, naye akaenda kumtazama kwa siku chache, akamwachia Wuryani funguo na jiko. Kumwachia paka samaki kungekuwa na hatari ndogo zaidi.

Basi alipobaki peke yake, Wuryani aliliondolea kabati mzigo wake wote, akaugeuza juu chini. Kila bakuli lilikuwa na alama kitakoni: hili tone la rangi nyekundu ya kucha, hili uzi wa kijani, hili herufi zilizochongwa kwa ncha ya kisu. Nusu ya mtaa ilikuwa imelala ndani ya kabati lile. Sheria aliijua, na nani asiyeijua? Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mboga, bakuli linarudi na ndizi. Lakini hiyo, aliwaza, ni sheria ya bakuli lililokuja jana. Haya yamekaa humu mpaka yamesahaulika, na kuyajaza yote kungetaka sufuria ya kuogeshea ndama. Akaamua zawadi yake itakuwa usafi. Akayaloweka kwenye maji yaliyooshea mchele ili harufu itoke, akayasugua kwa ndimu, akayaanika juani, kisha akakaa sakafuni na tumbo lake kutwa nzima akilitafutia kila bakuli kifuniko chake cha halali, maana vifuniko vya mtaa ule vilikuwa vimeoana ovyo ovyo.

Tunggul aliporudi kutoka kazini akauliza kama mama anajua. Mkewe akamwambia atajua akirudi, na atafurahi. Tunggul alitazama ile safu ya plastiki inayong'aa, akamtazama mkewe, akaenda kuoga. Ndivyo wanaume wetu wanavyoepuka ugomvi, na ndivyo ugomvi unavyowakuta wakiwa na sabuni machoni.

Jioni ile Wuryani akapita nyumba kwa nyumba na vikapu viwili. Wanawake wote walimpokea kwa tabasamu. Lakini sisi watu wa Solo huwezi kutuona hasira usoni; mtu wetu anaweza kukukata maini kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Bu Ngatmi, wa mlango wa pili, alisema bakuli lake limeng'aa hadi halitambui. Bu Karsinem alikaa nyumba inayotazamana nao, mjane kama Bu Sutirah, na hakukuwa na sherehe mtaani iliyopikwa bila yeye kusimamia masufuria. Huyu alilipokea bakuli lake la buluu kwa mikono miwili, akalifunua, akatazama ndani, akafunika tena. Akasema, "Ahsante sana, Mbak Wur," akimwita dada kwa adabu zote anazoambiwa mgeni wa heshima. Wuryani akarudi nyumbani kifua mbele, au tuseme tumbo mbele.

Bu Sutirah aliporudi kutoka Wonogiri alifungua kabati huku mkono umeinuliwa, na hakuna kilichoanguka. Akabaki na mkono juu. Akaona vikopo vimepangwa kwa kimo, na jina la kiungo limeandikwa kwenye kila kimoja, akacheka, akasifu. Kisha akachungulia rafu ya chini.

"Mabakuli yako wapi?"

"Nimewarudishia wenyewe, mama. Yote."

"Ukayatia nini?"

"Sikutia kitu. Yalikuwa masafi sana."

"Hata la Karsinem?"

"Lile la buluu? Hilo ndilo nililisugua kuliko yote."

Bu Sutirah akavuta kigoda akakaa. Hakufoka. Afadhali angefoka, Wuryani angejua pa kuushika ugomvi. Alianza kueleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Bakuli lile la buluu liliingia nyumba hii wiki aliyozikwa mumewe, likiwa na mchuzi wa maboga, kwa sababu siku hizo jikoni hapa hapakuwa na mtu wa kuwasha moto. Yeye alilirudisha na ndizi za kukaanga. Karsinem akalileta tena na tempe, ile soya ya kuchachusha. Mume wa Karsinem naye alipofariki, bakuli likavuka kichochoro na uji wa moto. Tangu hapo halikuwahi kutulia. Kukaa kwake kabatini hakukuwa kusahauliwa. Lilikuwa linasubiri zamu yake, na mengine vivyo hivyo.

"Bakuli la mtu likiwa kwako, ana sababu ya kupita," akasema. "Likirudi lina kitu, umemwambia tuendelee. Likirudi tupu, umemwambia basi. Na wewe, nduk, umeuambia mtaa mzima basi kwa siku moja, na wiki hii ndiyo ya sherehe."

Wuryani alisikia uso unamchoma. Alitaka kusema hakujua, lakini alijua. Alikuwa ameikata sheria mkia ili imfae. Aliona aibu, na mtoto tumboni akapiga teke kama anayekubaliana na bibi yake.

Siku iliyofuata wakaenda wote wawili kuomba mikono, kama desturi inavyotaka. Sherehe kwetu haipikwi na mwenye nyumba peke yake. Wanawake wa mtaa huja siku moja kabla, kila mmoja na kisu chake, na jiko linakuwa lao mpaka wali uive. Kila mlango walioubisha uliwajibu ndiyo. Ndiyo zetu zina rangi nyingi. Ndiyo ya kweli huuliza swali: tuanze saa ngapi, nani atashika wali, mnakuna nazi ngapi. Siku ile hakuna aliyeuliza swali hata moja. Bu Karsinem naye alisema ndiyo, kisha akaongeza kwa upole kwamba anasikia jiko la Bu Sutirah siku hizi halikosi kitu.

Asubuhi ya kupika, Bu Sutirah alitandika mikeka uani, akabandika birika kubwa la chai, akapanga vikombe. Chai ikatoa mvuke, ikaacha kutoa mvuke. Kuku wa jirani akapita juu ya mkeka, akakosa cha kudonoa, akaenda zake. Kichochoroni zilisikika kandambili zikija, zikapita, zikaenda. Bu Sutirah akaanza kumenya vitunguu peke yake. Machozi yalipomtoka, akasema ni vitunguu, lakini vitunguu vile Wuryani alikuwa amevilaza kwenye friji usiku kucha ili visitoe machozi.

Wuryani akafanya anachojua. Akasema atapika mwenyewe: nyama ilikuwa imechemshwa, viungo vimegandishwa, mboga zimekatwa, amepanga kipi kianze na kipi kifuate, moto hautakaa bure. Na hakuwa anajisifu, angeweza.

"Kupika utaweza," akasema Bu Sutirah. "Wa kula je? Wa kukumwagia maji? Wa kulishika tumbo lako na kuliombea? Mimi nimeishi mtaa huu tangu nikiwa mwari. Sijawahi kupika sherehe ya watu wasiokuja."

Ndipo Wuryani alipolielewa lote. Mtoto wake angezaliwa kama alivyozaliwa yeye, kwenye nyumba isiyodai wala kudaiwa, ambapo akilia usiku hakuna taa ya jirani itakayowaka. Aliyaona yale makazi ya kupanga, moja baada ya jingine, masafi yote, na hakukumbuka jina la jirani hata mmoja. Wazo la kwanza lilikuwa apike kitu kizuri akipeleke kila nyumba. Akafungua kabati lake zuri. Humo mlikuwa na vikopo vyenye majina, na hakuna bakuli la mtu hata moja la kupelekea. Mkono mtupu haulambwi, na wake ulikuwa mtupu kuliko yote mtaani. Asiye na cha kutoa amebakiwa na jambo moja la kufanya, nalo ni kuomba, na Wuryani katika maisha yake hakuwahi kuomba hata kijiti cha kibiriti.

Akavuka kichochoro. Bu Karsinem alikuwa jikoni kwake, akisaga pilipili kwenye jiwe, na karai la tempe likichemka pembeni. Hakuinua kichwa. Akamkaribisha kwa adabu, akamwuliza hali ya mimba kwa adabu, akaendelea kusaga.

"Nimekuja kuazima sufuria ya kupikia wali kwa mvuke, Bu."

"Ya Sutirah imetoboka?"

"Hapana. Nzima. Anazo mbili."

Jiwe likasimama. Bu Karsinem akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Unazo mbili nzima, unaazima ya tatu upikie nini?"

Wuryani alikuwa ameandaa jibu njiani, la wageni wengi na moto mdogo. Akaliacha. Akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Nataka pale kwetu kuwe na kitu chako," akasema. "Chochote. Hata kibovu. Nilikosea, Bu. Nilidhani kusafisha ni kumaliza."

Akalia, na hakulia kwa adabu. Bu Karsinem akafuta mikono kwenye aproni, kwa muda mrefu kuliko mikono ile ilivyohitaji. Yeye naye alikuwa na siku tatu hajalala vizuri, ingawa hilo angekufa kabla hajalisema. Mwisho akainuka, akashusha bakuli la buluu kutoka rafuni, akalijaza tempe na pilipili mpaka kifuniko kikagoma, akakibonyeza kwa ngumi.

"Shika, nduk," akasema, na Wuryani akalisikia neno lile, la kuitia mabinti wa nyumbani. "Likirudi, lirudi polepole. Na usilisugue mpaka lisinitambue."

Kisha, kwa kuwa hakuna mwanamke wa mtaani kwetu anayesamehe bure, akamketisha amfundishe jiko. Akamwuliza pilipili zake anaziweka wapi. Wuryani akasema kwenye friji. Bu Karsinem akatikisa kichwa kwa huruma: friji inaziua makali, zifungwe kwenye gazeti, ziwekwe juu ya jiko pale penye joto. Wuryani alijua kabisa kwamba pilipili za juu ya jiko huota ukungu kabla ya Ijumaa. Alijua na sababu yake. Angeweza kuieleza.

"Kumbe," akasema. "Sikuwa najua, Bu."

Lilikuwa jibu la kwanza la kijirani kutoka kinywani mwake, na kama ni uongo, Mungu ana mizani zake.

Aliporudi nyumbani ameshika bakuli, Bu Sutirah alikuwa bado na vitunguu vyake. Alitazama rangi ya bakuli, akarudisha birika motoni. Na kabla chai haijachemka, sauti ya Bu Karsinem ilikuwa imeshafika kichochoroni, ikimwuliza Bu Ngatmi dirishani kwake kama nazi za Sutirah zitajikuna zenyewe, au kuna mtu amekatwa mikono leo. Akaingia wa kwanza, kisu mkononi. Nyuma yake akaja Bu Ngatmi, amebeba bakuli lake lililong'aa likiwa limejaa vitumbua vya mchele, akaliweka mezani. Wakafuata wengine, kila mmoja na kisu kwapani na bakuli mkononi. Hakuna aliyeomba radhi wala kuombwa. Waliulizana tu nani atashika wali.

Na jiko la Wuryani likaharibika, tena likaharibika vizuri. Chumvi ilimwagwa kwenye kopo la sukari kwa sababu hilo ndilo lililokuwa karibu. Vifuniko vilianza tena kuoana ovyo. Vile vipande vyake vya viungo vilivyogandishwa vilipitishwa mkono kwa mkono, vikanuswa, vikachekwa kuwa ni peremende za wavivu. Halafu Bu Ngatmi akatumbukiza kimoja sufuriani watu wakiwa hawaangalii, akaonja, akatumbukiza cha pili. Kufikia alasiri wanawake wanne walikuwa wamemvuta Wuryani pembeni, mmoja mmoja, kumwuliza vinatengenezwaje. Bu Sutirah aliketi kati ya mikeka akimenya vitunguu vingine, vya sokoni moja kwa moja, akilia wazi wazi na kucheka, na safari hii hakusingizia kitu.

Siku ya pili Wuryani aliogeshwa. Maji yalikuwa ya baridi, maua yakamganda kwenye nywele, na kila mwanamke aliyemmwagia aliweka kiganja chake juu ya tumbo kidogo, akasema neno lake. Matunda ya pilipili yalitoka makali na matamu, na kwetu hiyo ni dalili, wakaapa mtoto ni wa kike. Mtaa ukala mpaka ukashindwa, ukabeba kilichobaki.

Jioni, wanawake wakasuuza masufuria, wakakung'uta mikeka, wakachukua visu vyao, wakaaga. Wuryani akabaki jikoni akipangusa meza, na kwenye ukingo wa karo akakiona kisu chenye mpini wa mti uliolika kwa kushikwa. Cha Bu Karsinem. Kutwa mbili hakumruhusu mtu hata kukigusa, na alipotoka alikuwa amekagua karo lote kwa macho kama afanyavyo siku zote. Wuryani akakiosha, akakifuta, akatoka nacho mbio hadi mlangoni.

Bu Karsinem alikuwa bado kichochoroni, hatua chache tu, akijifanya anafunga upya shali yake ambayo haikuwa imefunguka. Wuryani akafumbua mdomo kumwita. Akaufumba. Akarudi ndani, akavuta droo, akakilaza kile kisu katikati ya visu vya nyumba. Dirishani akamwona Bu Karsinem ameitazama nyumba mara moja, akangoja kidogo, kisha akaingia kwake akafunga mlango.